Ufuoni Hatukushuka

Hippolyte, weka chini hiyo karatasi. Iweke juu ya sanduku, na kile kibati cha wino ukiweke hapo hapo, hakuna atakayekiiba. Cécilia, niinue, unitie mto wa pili mgongoni, taratibu, ubavu huu ndio unaouma. Basi. Marcellin, toka hapo mlangoni uje ukae mahali ninapokuona. Sogeeni, wanangu, mnitegee masikio, maana mtu anayeondoka hasemi mara mbili, na pumzi niliyobaki nayo si ya kukopa, ikiisha, imeisha.

Nasikia watu nje. Wameanza kukusanyika tangu misa ilipotoka. Nasikia viti vinaburutwa chini ya kibanda cha chifu, nasikia sauti ya Fidèle akiwapanga wapiga ngoma, na najua wanamngoja Bwana wa teritwari, yule mzungu anayeshika wilaya yetu, afike na motokari yake kutoka Kabambare. Najua pia anakuja kufanya nini, kwa kuwa Hippolyte amenieleza tangu juzi, kidogo kidogo, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Karatasi ile imepigwa kwa mashine, kwa Kifaransa. Inasema kwamba mwaka ule wa vita ya kwanza, mimi Grégoire Musafiri nilikuwa mwaminifu kule ziwani, na kwamba shambulio letu juu ya Wadachi liliharibika kwa woga na hila ya mshika usukani mmoja, Bulaimu wa Nyangwe. Natakiwa kubonyeza kidole gumba chini yake. Kisha isomwe mbele ya watu wote wa Lusangi, jina langu liingie katika kitabu cha wazee wa vita, na mwanangu mkubwa, karani wa ofisi, apewe ile kadi ya raia mwema anayoitafuta mwaka wa tatu sasa.

Kidole changu hakitabonyeza. Hilo mlisikie kwanza, ili msipoteze wakati mkingoja nilainike. Mimi si muhogo.

Hippolyte, usiinamishe uso. Sijakutukana bado. Kaa, mwanangu, usikilize, kwa sababu maneno haya yana jina lako ndani yake, nawe hujui.

Nyinyi mnamjua Bulaimu kwa jina moja tu, Rudi-Nyuma. Mlilikuta jina hilo likiimbwa njiani, mkaliimba. Mkamwona mzee mmoja mwenye mgongo uliojikunja kama ngozi iliyokaushwa vibaya, anayepita kando ya njia akiwaachia watu nafasi, mkaambiwa huyo ndiye aliyegeuza mitumbwi ya Bula Matari, serikali ya Wabelji, na kukimbia vita. Binti yake, huyu Binti wa ng'ambo ya kijito, aliolewa mbali kwa sababu hapa hakuna aliyetaka damu ya mwoga nyumbani mwake, na alipofiwa na mume akarudi kulima mpunga katika bonde lile lile la baba yake. Na mwezi uliopita Hippolyte alivaa viatu, akashuka bondeni, akamwambia avune kisha aondoke, eti shamba la mtu mwenye medali haliwezi kulimwa na uzao wa Rudi-Nyuma, na hapo panafaa michikichi. Nililisikia nikiwa hapa kitandani. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Wewe, mwanangu, umemtukana mkunga wako mwenyewe.

Ngojeni nipumue.

Sasa mjue sheria ya mto, kwa sababu nyinyi ni watu wa nchi kavu na mimi sikuwafundisha. Nyangwe, mtumbwi mkubwa una watu wawili wenye neno. Wa mbele ni macho, wa nyuma ni mkono. Wa mbele anasoma maji, na akiliinua kafi lake juu ya kichwa kwa mikono miwili, limelala hivi, wa nyuma anageuza mtumbwi papo hapo. Haulizi. Hata kama ndani amekaa chifu, hata kama amekaa Mwarabu na meno yake ya tembo, hata kama amekaa mzungu na bastola, hakuna wa kuuliza, kwa kuwa wakati wa kuuliza ndio wakati wa kufa. Mtoto wa Nyangwe hafundishwi jambo hili, analinyonya kwa mama yake. Lualaba ikipita kati ya mawe unaisikia ikinguruma kabla hujaona kitu, kisha unaona mstari mweupe umekata maji, na ukishauona huo mweupe bila nafasi ya kupita, basi unageuka au unazikwa.

Bulaimu alikuwa mkono. Macho nilikuwa mimi.

Naam. 

Bula Matari alitukusanya Nyangwe na Kasongo, watu sitini na zaidi, wapiga kafi wote, akatupitisha Kabambare kwa miguu hadi Ziwa Tanganika, kwa sababu wavuvi wa kule walikuwa wamekimbilia milimani na hawakutaka vita ya watu wengine. Walikuwa na akili kuliko sisi. Mkubwa mmoja mwenye ndevu nyekundu alisema maji ni maji, aliyezoea Lualaba atapiga kafi popote. Tukaamini, kwa kuwa nasi tulikuwa na majivuno yetu. Tulikaa wiki tatu katika ghuba ndogo iliyozungukwa na mchanga, maji yake yametulia kama ya mtungini, tukachonga mitumbwi, tukangoja. Mama mmoja wa huko, mzee sana, asiyeweza kukimbia pamoja na wenzake, alikuwa akituletea muhogo wa kuchemsha ndani ya jani, hakutuuliza sisi ni wa nani. Aliweka chini, akaondoka. Jina lake sikulipata, na hilo najuta. Mkimkumbuka katika sala, mwiteni mama wa muhogo, Mungu atamjua.

Usiku wa safari, mashua ya moshi ilituvuta kwa kamba, mtumbwi nyuma ya mtumbwi, ishirini kwa hesabu, kila mmoja na askari wake, na yule mwenye ndevu nyekundu katikati yetu. Tulipokaribia ng'ambo wakakata kamba. Tulitakiwa kushuka ufuoni giza likiwapo bado, kuchoma bohari ya Wadachi na boti lao, na kurudi. Lakini wakubwa wawili katika ile mashua ya moshi walianza kubishana. Mmoja anasema tushuke kaskazini ya mioto tunayoiona, mwingine anasema kusini. Tuliwasikia juu ya maji, hatukujua Kifaransa, ila ugomvi hauhitaji mkalimani. Tukakaa. Tulikaa mpaka Nyota ya Alfajiri ikapanda, tukipandishwa na kushushwa na maji, askari wakitapika juu ya bunduki zao. Faradji, mpiga ngoma wetu, aliyekuwa akilala nami katika blanketi moja tangu Kabambare, alisema kwa sauti ya chini kutoka mtumbwi wa pili, "Kama wanauza nazi." Tukacheka mpaka tukapigwa kitako cha bunduki.

Hatimaye amri ikaja wakati mbingu zimekwisha kupauka. Tukapiga kafi. Nilikuwa mbele ya mtumbwi wa kwanza. Na nikasikia ule mngurumo.

Wanangu, sitawadanganya nikiwa karibu na kaburi. Niliusikia mngurumo mbele yangu, kisha nikauona mstari mweupe, kushoto mpaka ninapoweza kuona, kulia mpaka ninapoweza kuona, bila nafasi ya kupita hata samaki. Nikasema moyoni, haya ni mawe. Nikainua kafi kwa mikono miwili. Bulaimu akageuza. Wa mbele katika mitumbwi mingine wakaona, wakainua, na nyuma yao wote wakageuza, kama tulivyofanya tangu enzi za babu zetu. Maji ya ziwa yakatukuta ubavuni. Mitumbwi miwili ikapinduka, wa Faradji mmojawapo. Watu saba wakaenda chini, na huko ufuoni Wadachi wakaamka, wakaanza kupiga bunduki, na ile mashua ya moshi ikageuka kabla yetu, wala hakuna karatasi inayosema hilo.

Niliruka majini kumtafuta Faradji. Bado kulikuwa na giza juu ya maji. Nikashika shingo ya nguo, nikavuta, nikavuta kwa nguvu zote nilizopewa na mama yangu, nikamtupa ndani ya mtumbwi, na nilipomgeuza uso nikaona ndevu nyekundu. Hiyo ndiyo medali yangu. Mwanamume niliyemtaka alizama, na niliyemshika kwa makosa akanipa chuma cha kutundika kifuani.

Cécilia, maji. Kidogo tu, yasije yakanikaba. Asante, mama yangu. Wewe tangu utoto wako hujui kumpa mtu maji bila kukishikilia kikombe.

Marcellin, nenda ukamwite Binti. Sasa hivi. Pita nyuma ya nyumba, usipite kwa Fidèle. Mwambie mzee Musafiri anamwomba, usiseme anamwita. Nenda, yaliyobaki kaka yako atakueleza, na kama hatakueleza, dada yako atakueleza.

Haya. Tulirudi ghubani na aibu ikawa inatafuta mwenyewe. Siku ya tatu wakaweka meza mbele ya hema. Wakauliza ni nani aliyegeuza. Na hapa ndipo wazungu walipokosea, na kosa lao likanifaa mimi. Kwao, anayekaa nyuma na kushika usukani ndiye bwana wa chombo. Hawakumtazama wa mbele hata mara moja. Wakamwita Bulaimu. Mimi nilikuwa wa tatu katika mstari, nikafungua kinywa. Nawaapia nilikifungua. Naye akanitazama, akasema kwa maneno ya kwetu ya mtoni, ambayo mkalimani hakuyajua, "Funga kinywa, Musafiri. Bibi yako iko na mimba ya mwezi wa saba. Mimi, mutoto wangu anatembea tayari." Kisha akamgeukia mkalimani, akasema kwa Kiswahili, "Ni mimi nimegeuza."

Mimba ile ilikuwa wewe, Hippolyte.

Walimpiga fimbo hamsini, ishirini na tano asubuhi, ishirini na tano jioni, mbele yetu sote. Watu sitini walijua sheria ya mto. Watu sitini walijua kafi la kwanza liliinuliwa na nani. Hakuna aliyesema, kwa sababu Bulaimu alikuwa amekwisha kusema, na mtu aliyejitolea kuumia, ukimnyang'anya maumivu yake humwachii kitu. Askari aliyepiga alikuwa kijana wa mbali, Mtetela nafikiri. Alipofika kumi aliomba ruhusa ya kubadilisha mkono, akachelewa makusudi, na wakati wa kuchelewa akamdondoshea maji mdomoni kwa kitambaa. Alipofika ishirini akafanya tena. Nilimwona, na sikumsahau. Fimbo ilikuwa ya wenyewe, ila yale maji yalikuwa yake.

Wakamtia mnyororo shingoni, wakamkataza kushika kafi maisha yake yote. Na wakanipa mimi medali, kwa kuwa mzungu akishampata mbaya wake, lazima atafute na mwema wa kumsimamisha kando, picha isije ikapinda.

Wiki moja baadaye nilitumwa kuni upande wa pili wa mchanga, mahali ambapo ziwa linakuja wazi. Nikasikia mngurumo ule ule. Nikauona ule mweupe. Na ndani yake, wanangu, watoto wawili wa wavuvi walikuwa wakicheza, wakipinduliwa na maji na kutupwa mchangani, wakicheka. Hakukuwa na mawe. Lilikuwa povu tu, wimbi linalofika nyumbani kwake. Mtu mwingine yeyote wa nchi hii angeshuka ufuoni bila kufikiri. Ni sisi tu watu wa Lualaba, tuliojua maji kupita kiasi, ndio tuliokimbia povu.

Nilienda kumwambia Bulaimu pale alipofungwa. Nilifikiri atanitemea mate. Alinitazama, akatafuna neno langu, kisha akacheka mpaka mnyororo ukalia, na kwa mgongo ule kila cheko lilimuuma. Akasema, "Povu?" Nikasema, "Povu, ndugu yangu." Akasema, "Basi usimwambie mutu. Afazali mimi niitwe mwoga kuliko Nyangwe muzima iitwe wajinga wa maji."

Ndivyo alivyokuwa mtu yule mnayemwimba.

Sasa nisemeni mnavyotaka, ila msinitafutie toba mahali isipostahili. Kwa kugeuka, sioni haya. Nililiinua kafi kwa macho niliyopewa, na lingekuwa jiwe kama nilivyodhani, watu mia mbili wangelala chini ya maji. Vita haikuwa yangu, ufuo haukuwa wangu, bohari ile haikuwa na hata punje moja ya mpunga wetu, na sikuletwa duniani nife mlangoni kwa Mdachi kwa sababu Mbelji amemkasirikia. Mwambieni Bwana wa teritwari maneno hayo kama yalivyo, na kama Kifaransa hakina maneno hayo, akitafutie.

Na kama atauliza wapi mtu mweusi alipata kiburi hiki, mwambieni nilikipata kwa padri. Nilipokuwa nikifundishwa ubatizo Kasongo, nilimuuliza padri mmoja mzee, Mungu amrehemu, kama wazungu nao waliwahi kugeuka. Alifikiri, akanisimulia. Zamani sana, kabla ya babu wa babu yake, Waingereza walipanda meli nyingi, na askari maelfu, wakaenda kuwavamia Wafaransa katika pwani yao wenyewe. Walichukua kisiwa kidogo, kisha wakubwa wakakaa barazani, wakashauriana leo, wakashauriana kesho. Usiku mmoja askari wakashushwa katika mashua, wakakaa humo saa nyingi gizani wakipigwa na maji, wakingoja kwenda ufuoni, na mwisho wakaambiwa pandeni melini. Wakarudi kwao bila kushuka. Mkubwa wao akawekwa mbele ya meza, kama Bulaimu, wakamuuliza, wakamwachilia huru akaenda kula chakula chake. Nikamuuliza padri, "Na wapiga kasia, waliwafanya nini?" Akasema, "Kitabu hakisemi." Alisema kwa huzuni, hakunicheka. Kisha akaniongezea asali katika chai yangu, ndipo nikajua amenielewa.

Ninalolionea haya ni jingine. Mtu wa mto asiyeruhusiwa kushika kafi atakaa mtoni afanye nini? Bulaimu alimchukua mkewe na Binti wake mdogo, akaja huku Lusangi, mbali na maji makubwa, akaona bonde lile limejaa matete na mbu, akaanza kulisafisha peke yake, kwa mgongo ule. Mbegu ya mpunga aliibeba kichwani kutoka Kasongo. Mimi nilimfuata miaka minne baadaye pamoja na mama yenu Régina, maana mahali palipokuwa na Bulaimu palikuwa kwangu. Walipokuja watu wa kuandika mashamba, yeye mwenyewe aliniambia, "Andika jina lako. Lako iko na medali, hawatalinyang'anya." Nikaandika. Ndiyo bonde la mtu mwenye medali, Hippolyte. Hata jembe la kwanza halikuwa langu.

Alipokufa, wewe ulikuwa karibu kumaliza shule. Tulikuwa tukimzika, Waislamu wenzake wanne na mimi, na Fidèle na vijana wenzake wakapita njiani na pombe ya michikichi kichwani mwao, wakaimba ule wimbo wa Rudi-Nyuma juu ya kaburi bichi. Binti alikuwa na miaka kumi na saba. Alinitazama. Siku ile ya mezani nilinyamazishwa, lakini siku ile ya kaburi hakuna aliyeninyamazisha. Nilishika koleo, nikaendelea kurudishia udongo. Mficha uchi hazai, wanangu, na mimi nilificha mpaka nikazeeka tasa wa maneno.

Na yeye, je? Tangu masika niliyoanguka, bakuli la uji wa mchele na karanga linafika mlango wa nyuma kila siku ya tatu. Cécilia anajua, ndiye anayelipokea. Niliuliza mara moja, akajibu, "Ni ya Binti." Na baada ya Hippolyte kwenda bondeni na viatu vyake, nikasema sasa bakuli limekwisha. Halikwisha. Lilikuja kesho yake, na karanga zilikuwa nyingi zaidi, kwa kuwa ndiyo kwanza alikuwa amevuna. Nilikula, machozi yakaingia humo humo.

Sogea, Cécilia, sauti inanikimbia. Yaliyobaki ni mafupi.

Nyumba hii ni ya Hippolyte, yeye ni mkubwa, lakini chumba cha dada yake ni cha dada yake mpaka atakapotaka mwenyewe. Gobori na nyavu ni za Marcellin, na asipige nguruwe wa jirani akasema ni wa porini, namjua. Mbuzi mgawane nyinyi watatu, yule mwenye pembe moja mumpe mke wa katekista, aliniogesha mara mbili Cécilia alipokuwa na homa. Bonde siligawi, kwa kuwa si langu. Mtaenda kwa chifu pamoja, nyote watatu, mkafute jina langu na kuandika la Binti, na atakayechelewa, radhi yangu nayo itachelewa. Medali imo ndani ya kopo la tumbaku. Mkabidhini Bwana wa teritwari mkononi, kwa heshima, msimtupie, mkamwambie mzee anairudisha kwa sababu alimshika mtu asiye wake.

Bendera sitaki juu ya jeneza langu. Ngoma sitaki. Fidèle asibebe, aje ale tu, kula anajua. Nichimbieni kando ya Bulaimu. Yeye ameelekezwa Kibla, mimi nitakuwa na msalaba wangu, ardhi haitatugombanisha.

Hiyo ni motokari. Nasikia. Amefika.

Na huyo je, nani anaingia nyuma? Marcellin, umemleta? Karibu, Binti, karibu mwanangu. Usisimame hapo. Ameambiwa? Umemwambia njiani? Mjinga wewe, lakini umefanya vema, umenipunguzia njia. Basi ni kweli, Binti, yote aliyokuambia. Aliyeinua kafi ni mimi. Baba yako hakuogopa kitu siku ile, wala siku nyingine yoyote niliyomjua. Bonde ni lako. Nakuomba… nakuomba unisamehe.

Anasema nini? Semeni kwa nguvu, sikio hili limekufa.

Mmesikia? Anasema, "Nimesikia, baba. Lakini humu ndani hakuna mutu aliyemutukana baba yangu. Walimutukana kule inje."

Ni mwana wa baba yake. Ana haki. Haki ya jua la mchana.

Basi nibebeni. Mnatazamana nini? Na kitanda chote, kina miguu minne na nyinyi ni wanne. Cécilia, najua, najua nitakufa njiani. Nitakufa hapa pia. Marcellin, miguuni, na dada yako. Binti, kama mkono wako hautaki, usishike, sikulazimishi. Ameshika. Mungu akubariki, mama. Na kichwani nani? Hippolyte. Hiyo karatasi imeanguka, ikanyage, pita. Kadi yako imekwenda, mwanangu, najua unachopoteza, sikucheki. Inua. Vizuri. Umeshika vizuri.

Nawabariki nikiwa juu ya mikono yenu… sina mahali pengine. Msikose mpunga. Msikose mtu wa kuwadondoshea maji… siku ya fimbo. Watoto wenu wawe… polepole, kizingiti… wawe na kinywa wakati wa kusema. Mungu wa Bulaimu na Mungu wangu… ni mmoja… awatazame.

Fidèle, nyamazisha ngoma. Wekeni hapa. Hapa, juani.

Bwana, keti. Watu wa Lusangi… sogeeni, sina sauti. Mtumbwi wa kwanza, siku ile… mbele… nilikaa mimi.